Dada, niandikie majibu ya staa

Dada mpendwa,

Salamu kwanza. Mimi ni mzima, na shikamoo zangu kwa Mama na Baba zifike kama nilivyozituma.

Umeniuliza kama kweli nimevuka bahari kuja Uingereza kusomea umbea. Najua swali hilo si lako. Ni la Baba, wewe umetumwa tu, kwa hiyo msomee barua hii kwa sauti. Kazi yetu ya muhula huu katika somo la vyombo vya habari ni kuandaa kurasa mbili zinazotazamana za jarida la mastaa: picha, mahojiano, vichwa vya habari, vyote. Sharti kubwa ni kwamba hairuhusiwi kuokota picha za watu mtandaoni. Kila picha niipige mwenyewe. Sasa mimi nani hata staa wa kweli anifungulie mlango wake? Imebidi nimzushe wangu. Mwanafunzi mwenzangu mmoja amekubali kuwa mwimbaji maarufu, ingawa hata kwenye bweni lake wengi hawamjui.

Hapo ndipo penye utamu. Msomaji atafunuaje ukurasa, akute uso asioujua, na bado aamini kwamba huyu ni mtu mkubwa? Nimejichimbia maktaba na matoleo ya zamani ya Hello! na OK!, na nilichokiona ni kwamba jarida halimtambulishi staa hata kidogo. Ukiandika "fulani ni mwimbaji mwenye umri wa miaka kadhaa, anayejulikana kwa nyimbo kadhaa", umeshamshusha. Wao humwita kwa jina moja na kuanzia katikati ya mambo, kana kwamba msomaji alikuwepo tangu mwanzo. Nami nimeweka jina lake la kwanza kwa herufi nene, na chini yake sentensi moja inayogusia "mwaka ule mgumu" bila kueleza ulikuwa na ugumu gani. Asiyejua ataona haya kuuliza.

Halafu kuna suala la nyumbani. Hello! ilianza hapa mwaka 1988 ikiwa mtoto wa ¡Hola! ya Hispania, ambayo ipo tangu 1944, na OK! ikafuata mwaka 1993. Majarida haya mawili hupenda kumweka staa sebuleni kwake, miguu juu ya kochi, maua mezani. Richard Dyer, msomi wa filamu wa hapa hapa, alieleza mwaka 1979 kwamba staa hutakiwa aonekane mtu wa kawaida na papo hapo asiwe wa kawaida. Kochi ndilo linalobeba ukawaida, na gauni ndilo linalobeba hayo mengine. Kwa hiyo mwenzangu nitampiga picha akiwa peku, ndani ya gauni la jukwaani. Wenzangu wengi wanakimbilia maikrofoni na taa za rangi. Naona wanakosea: jukwaani kila anayeanza muziki hufanana na mwenzake.

Ukurasa wa kushoto wote ni picha moja, inayofika hadi kwenye kingo. Picha ya namna hiyo huachwa izidi mstari wa kukatia kwa milimita 3, ili kisu kikiteleza kiwandani usitokee ukanda mweupe. Na inahitaji pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 300 kwa kila inchi, yaani karatasi ya A4 inataka kama pikseli 2480 kwa 3508. Pungufu ya hapo uso hutoka na ukungu. Macho yake yaelekee kulia, kwenye maandishi, maana msomaji hufuata yanakotazama. Uso wenyewe nausogeza mbali na mkunjo wa katikati. Jarida likishashonwa, mkunjo humeza pua bila huruma. Kulia kuna safu tatu za mahojiano, nukuu moja iliyokuzwa, picha ndogo yenye maelezo chini yake, basi. Mwalimu anapenda nafasi tupu, nami nimeanza kuipenda. Jarida linaloacha karatasi wazi huonekana lina pesa.

Baba akiguna kwamba haya ni mchezo, mpe kisa hiki. Novemba 2000, waigizaji wa filamu Michael Douglas na Catherine Zeta-Jones walifunga ndoa katika hoteli ya Plaza, New York. OK! ilikuwa imenunua haki ya picha kwa pauni milioni 1, na maharusi wenyewe ndio waliokuwa na kauli ya mwisho kuhusu picha zipi zitoke. Paparazi mmoja akapenya ukumbini na kamera, na Hello! ikazichapisha picha zake. Kesi ilipanda mahakama hadi mahakama, mpaka mwaka 2007 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya hapa wakati huo, ikaipa OK! ushindi. Ukiitazama vizuri, kilichopiganiwa pale hakikuwa siri, kwa sababu harusi ingechapishwa tu. Waligombania nani aipange. Kila ninapohamisha picha sentimita mbili huku na huku naikumbuka kesi hiyo, na najua kwamba mwenzangu naye ana haki ya kukataa picha asiyoipenda. Nimemwandikia hivyo kwenye karatasi na tumetia sahihi wote wawili.

Sasa ombi langu. Maswali matano nimeshayaandika: kazi mpya, mwaka mgumu, mapenzi, mama yake, na anachokiogopa. Majibu yananishinda, kila nikijaribu anatoka kama mhadhiri. Wewe ndiye uliyekuwa ukitusimulia maisha ya mastaa kama watu uliokunywa nao chai. Niandikie majibu hayo, mafupi, sentensi tatu au nne kila moja. Usimpe hekima nyingi. Akiulizwa kuhusu mapenzi, azungumzie albamu. Kwenye swali la mama yake ndipo aseme kitu cha kweli, kwa sababu humo ndimo nitakamochomoa nukuu ya kukuza, na nukuu hiyo isizidi maneno kumi na mawili, vinginevyo itanivurugia safu ya kati.

Yanifikie kabla ya Jumapili. Jumatatu mwalimu anataka kuona maneno halisi mahali palipo na mistari ya kujazia tu.

Mdogo wako