Wifi yangu ananishinikiza nitumie maziwa ya nyuki ili nishike mimba

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Morogoro, na huu ni mwaka wa nne wa ndoa yetu bila kujaliwa mtoto, ingawa hatutumii njia yoyote ya uzazi wa mpango. Daktari wa magonjwa ya wanawake aliniagiza nifanyiwe kipimo cha mirija, kile cha kupigwa eksirei huku dawa ikipitishwa kwenye kizazi, akataka na mume wangu apimwe mbegu. Hakuna lililofanyika kati ya hayo, kwa sababu fedha tulizotenga zinaishia kwenye vidonge vya maziwa ya nyuki na chavua anavyoviuza wifi yangu.

Kopo lake lina picha ya malkia wa nyuki aliyevikwa taji, na maandishi yanayodai kwamba vidonge hivyo huzibua mirija, hupevusha mayai na kusawazisha homoni. Kiasi cha kila kiambato hakikuandikwa. Wifi hueleza kwamba malkia hutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku kwa sababu hulishwa maziwa hayo maisha yake yote, na kwamba nami yatanifaa vivyo hivyo. Maelezo hayo hayaniingii akilini. Baba yangu ni mfugaji nyuki wa Sikonge, na kwake nilijifunza kwamba wanaoyatengeneza maziwa hayo ni nyuki vibarua, kutoka kwenye tezi zao za kichwani, na hakuna kibarua aliyekomaa anayegeuka kuwa malkia. Isitoshe, mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, na tafiti nyingi nilizosoma kuhusu maziwa ya nyuki na uzazi zilifanywa kwa wanyama kama panya na kondoo.

Linalonitisha zaidi ni kwamba nina pumu. Nimesoma kwamba maziwa ya nyuki yamewahi kusababisha mashambulizi makali ya pumu na mzio, hata vifo, kiasi kwamba nchini Australia ni lazima vifungashio vyake viwe na onyo kwa watu wa hali yangu. Nilipomweleza mume wangu, alijibu kwamba hicho ni chakula tu kama asali, nami asali naila tangu utotoni. Mama mkwe naye ameanza kusema kwamba sitaki mtoto. (Kuhusu mwanawe kupimwa, hasemi kitu.)

Naomba unisaidie kwa mambo mawili. Je, kwa mtu anayekula asali bila kudhurika, hatari ya maziwa ya nyuki na chavua bado ipo? Na nitumie maneno gani kumshawishi mume wangu kwamba fedha zilizobaki ziende kwanza kwenye vipimo vyetu sote wawili, bila yeye kuonekana anamdharau dada yake mkubwa?

Wako,
Msomaji, Morogoro