Zainabu, hiyo diski izime kwanza

Shoga yangu Zainabu,

Hujambo? Salamu za huku nitakupa siku nyingine kwa urefu wake, leo nina haraka. Mwanaisha kaniambia laptopu yako inachukua nusu saa kuwaka, folda za mahojiano ya wazee hazifunguki, na yule kijana wa dukani kaahidi kuipitishia chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, kesho asubuhi. Tafadhali usimpe. Na kama inawaka sasa hivi unaposoma, izime. Ikigoma, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikate.

Nieleze kwa nini nakazania. Diski inayokufa imebakiwa na muda ambao hakuna anayeujua, na kila kazi unayoipa inaula muda huo. Chkdsk haikuundwa kukuokolea faili. Kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski ili Windows iendelee kuitumia. Ikikuta rekodi isiyosomeka huweza kuikata moja kwa moja, na inaandika juu ya diski ileile inayougua. Wewe hiyo diski hata ikitupwa si hasara. Unachotaka ni sauti za wazee, na baadhi yao hawapo tena wa kurudiwa. Kwa hiyo diski nzima inakiliwa kwanza, sekta kwa sekta (yaani vile vipande vidogo inamohifadhi data), halafu faili zinatafutwa ndani ya nakala.

Kabla ya hapo, niambie inalia vipi. Ikigonga ta-ta-ta kwa mpangilio, au ikikwaruza, hakuna programu ya kusaidia. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na vikishaharibika, kila mzunguko unaweza kuchuna tabaka lenye data. Hapo inazimwa na kupelekwa kwa wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi. Asiifungue mtu mezani. Asiiweke mtu kwenye friza pia, maana kwa unyevu wa Tanga itatoka inatiririka maji. Na akija mwenye wazo la kubadilisha bodi ya umeme iliyo chini ya diski, mwambie bodi za siku hizi zina chipu yenye vipimo vya diski hiyohiyo, hivyo bodi ya diski nyingine ya modeli ileile kwa kawaida haitoshi mpaka chipu ihamishwe.

Kwa maelezo ya Mwanaisha, naona yako ni nzito tu, haigongi. Hiyo tunaiweza.

Tafuta diski ya nje ya TB 2, kwa kuwa yako ni TB 1 na nakala inahitaji nafasi ya kukaa pamoja na faili zitakazotolewa. Isiwe na fomati ya FAT32, kwa sababu hiyo haipokei faili moja inayozidi GB 4, NTFS inafaa. Laptopu yako usiiwashe tena. Itoe diski yenyewe, ile ya inchi 2.5, uichomeke kwa SATA, kebo ya ndani ya diski, kwenye kompyuta ya mezani ya Bi Rukia. Kebo ya kugeuza SATA kuwa USB ni ya dharura tu, na ukiitumia chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB. Umeme hafifu huifanya diski ikatike katikati ya kusoma.

Kompyuta ya Bi Rukia usiiwashe kwa Windows, ambayo itaanza kuipekua diski au kukuomba uifomati. Iwashe kwa flashi yenye SystemRescue, ni Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na ina kila kitu tunachohitaji. Andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL, amri ya kuorodhesha diski, uone ipi ni ipi. Hapa pitisha jicho mara mbili, maana ukigeuza chanzo na kipokezi unafuta ulichokuja kuokoa. Tuseme yako ni sdb na mpya ni sdc. Unaifungua mpya kwa mount /dev/sdc1 /mnt, unaingia kwa cd /mnt, kisha unaandika amri ya kunakili:

ddrescue -d -n /dev/sdb wazee.img wazee.map

Jina la mwisho, wazee.map, ndiyo ramani ya sekta zilizosomeka na zilizogoma. Umeme ukikatika, unarudia amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Lakini ramani lazima ikae kwenye diski mpya. Ukiiacha kwenye folda za ile flashi itakuwa imekaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na umeme ukienda nayo imekwenda.

Diski nzima ya TB 1 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde humalizika chini ya saa tatu. Yako inaweza kuchukua siku kadhaa, usishtuke. Ile -n inaiambia iruke sehemu sugu, ikusanye kwanza kilicho rahisi. Ikimaliza, badilisha -n uweke -r3 ili irudie mara tatu palipogoma. Ikianza kugonga wakati wowote, bonyeza Ctrl na C, uzime.

Usihangaike kufikia asilimia mia. Kama rekodi ni WAV, sauti isiyobanwa, za ubora wa CD, sekta moja ya baiti 4096 ni kama sekunde 0.023 ya sauti, hata Mzee Kombo mwenyewe asingeisikia ikikosekana. Hatari ni sekta zilizoshika orodha ya majina na folda.

Nakala ikishapatikana, pumua. Andika testdisk wazee.img, programu ya kutafuta faili ndani ya nakala, ingia kwenye orodha ya faili, bonyeza a kuchagua zote na C kubwa kuzinakili. Ikishindwa ndipo uende PhotoRec, ambayo hutambua faili kwa alama za mwanzo wake. Inaokoa kweli, WAV na MP3 inazijua, ila majina na folda vinapotea, na faili iliyotawanyika vipandevipande hutoka mbovu. Ndiyo maana sianzi nayo, ingawa mafundi wengi hukimbilia hapo.

Sasa nijibu haya. Inagonga au hapana? Ni diski ya kuzunguka kweli, au SSD, ile ya chipu isiyozunguka? Kama ni SSD na kuna faili zilizofutwa, TRIM, amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya faili zilizofutwa, huenda imeshazifuta kabisa, na mengi niliyoandika hapa yanabadilika. Windows yako imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya siri ya diski? Ule ufunguo wa tarakimu 48 unao, au uko kwenye akaunti yako ya Microsoft? Rekodi ni WAV au MP3? Kuna chochote ulichowahi kumtumia Mwalimu Sefu kwa barua pepe? Na Bi Rukia anaweza kukuachia kompyuta yake kwa siku tatu mfululizo, au nimwombe mimi?

Wako,
Tima