Walimu wa fizikia, jawabu lenye hasi si kosa

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum.

Mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, amenionyesha karatasi ya jaribio la fizikia, na tangu niione sijatulia. Swali lenyewe: dumu la maji la kilo 20 limening'inia kwa kamba ndani ya kisima, mita 6 chini ya mdomo. Nishati tuli yake, yaani nishati inayotokana na mahali lilipo, ni kiasi gani? Mtoto ameanza kwa kuandika, "Nachukua mdomo wa kisima kuwa sifuri." Kisha akazidisha 20 kwa 10, ambayo ni mvutano wa ardhi kwa kila kilo, kwa hasi 6, akapata jouli (kipimo cha nishati) hasi 1,200. Kapigwa kosa kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu kaandika: nishati haiwezi kuwa hasi.

Jawabu la mtoto ni sahihi. Maelezo ya mwalimu ndiyo yasiyokuwa sahihi. Sisemi hivi kumvunjia mwalimu heshima, na skuli siitaji, kwa sababu dhana hiyo nimeikuta kwa watu wengi, wakiwemo mafundi wenzangu, na hasara yake naiona kazini.

Mimi ni fundi wa pampu za visima hapa Wete. Fizikia niliisoma hadi kidato cha sita, na naitumia kila siku. Nikiitwa kwenye nyumba, kitu cha kwanza ninachotoa mkobani ni kamba. Naifunga jiwe kiasi cha ngumi, nalishusha taratibu, na likigusa maji nasikia mlio na kamba inalegea kidogo mkononi. Natia fundo pale pale usawa wa mdomo, naivuta, nainyoosha chini na kuipima kwa futi ya mkanda. Halafu napima kutoka mdomo wa kisima hadi juu ya tangi, pale paipu inapomwagia. Vipimo viwili hivyo ndivyo ninavyojumlisha kabla sijataja pampu yoyote. Na kama ni wakati wa masika naongeza mita kadhaa, maana kaskazi ikiingia maji ya visima vyetu hushuka.

Kaskazi iliyopita niliitwa na mzee mmoja ambaye tangi lake liko juu ya mnara wa mita 6. Alipokwenda kununua pampu ya kuzamisha, muuzaji alimuuliza urefu wa mnara, basi. Akamuuzia pampu ambayo kibati chake kimeandikwa kwamba mwisho wa kupandisha maji ni mita 15. Mita 15 kwa mnara wa mita 6, mtu anaona imezidi. Pampu ikashushwa kisimani, ikawashwa, ikanguruma, tangi likabaki kavu. Nilipofika nikashusha kamba yangu: maji yako mita 14 chini. Nikafungua paipu kwenye kiungo kilicho karibu na ardhi, nikachomeka kipande cha mpira mweupe unaoonekana ndani, nikakinyanyua. Maji yakapanda kama mita moja juu ya mdomo wa kisima yakasimama hapo, yanatetemeka tu, hayaendi juu wala hayarudi. Mita 14 na mita 1 ni 15. Pampu ilikuwa nzima, na imefanya yote iliyoandikiwa.

Sasa tuhesabu kwa nishati. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, na ardhi inavuta kila kilo kwa nguvu ya nyutoni kama 10. Ukifanya mdomo wa kisima kuwa sifuri, maji yakiwa kisimani yana jouli hasi 140,000, na yakifika tangini yana jouli 60,000. Tofauti ni jouli 200,000. Ukiweka sifuri pale maji yalipo kisimani, yanaanza na 0 yanamaliza na 200,000. Weka sifuri juu ya tangi, yanaanza na hasi 200,000 yanamaliza na 0. Popote utakapoweka sifuri, kazi ya kuyapandisha ni ile ile jouli 200,000, ambayo ni sehemu moja ya 18 ya yuniti moja ya umeme, kabla hujahesabu kinachopotea kwenye paipu na kwenye pampu yenyewe. Lakini aliyefundishwa kwamba chini ya sifuri hakuna kitu huona 60,000 tu. Muuzaji yule hakuzihesabu 140,000 zilizolala chini ya miguu ya mzee, na mzee akatoa pesa mara mbili.

Ni sawa na saa zetu. Tiketi ya boti imeandikwa 7:30, sisi twasema saa moja na nusu. Ikifika 9:30, twasema saa tatu na nusu. Safari ni saa mbili kwa hesabu zote mbili, na hakuna anayesema mwenzake amekosea mradi kila mmoja ajue ameanzia wapi.

Naelewa mwalimu alikopata lile neno lake. Nishati mwendo, ile ya kitu kinachokwenda, kweli haiwi hasi: ni nusu ya kilo za kitu hicho mara kasi mara kasi, na kasi ikizidishwa kwa kasi haitoi hasi hata kitu kikirudi nyuma. Nishati tuli ni jambo jingine. Hiyo ni ya mahali kitu kilipo, na mahali lazima papimwe kutoka mahali pengine. Tena si mali ya dumu peke yake, ni ya dumu na ardhi inayolivuta. Dumu hilo hilo ukilipeleka mwezini, ambako mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu, mita 6 zile zitakuwa na thamani nyingine kabisa.

Na wanafunzi hawa wakiendelea na masomo watafika kwenye satelaiti. Huko wanafizikia wanaiweka sifuri mbali kabisa na dunia, mahali ambapo mvutano umekwisha, na hapo kila kitu kilicho juu ya ardhi kina nishati tuli hasi. Kilo moja iliyopo hapa Wete ina jouli hasi milioni 62 na nusu kwa hesabu hiyo, na ndiyo sababu chombo kinachotaka kuuacha mvutano wa dunia kabisa lazima kiondoke kwa kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde, ukiacha msuguano wa hewa. Mtoto aliyekaririshwa kwamba hasi haipo atakwama hapo mlangoni.

Hata umeme unaozungusha pampu zetu Pemba, uliovuka bahari kwa waya kutoka Tanga tangu mwaka 2010, sehemu yake ni maji yanayoshuka huko bara. Kwenye kituo cha umeme cha Kihansi yanashuka zaidi ya mita 800, kila kilo ikitoa jouli 8,000 hivi. Mhandisi anayepiga hesabu ya mitambo ile haanzii usawa wa bahari. Anatazama maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi.

Ombi langu kwa watunga maswali ni hili: mkiuliza nishati tuli, andikeni ndani ya swali sifuri iko wapi. Kama hamkuandika, mwanafunzi aliyeitaja mwenyewe na akahesabu sawasawa apewe maksi zake zote, jawabu liwe chanya au hasi. Na kwa walimu, naona swali zuri kuliko "ni kiasi gani" ni "imeongezeka kiasi gani kutoka hapa hadi pale." Hilo halina utata, na ndilo linalotumika kazini.

Mwalimu yeyote wa Wete na vijiji vya jirani anayetaka kuwapeleka wanafunzi kisimani wapime wenyewe, kamba na futi ninazo. Jumamosi asubuhi huwa sina kazi nyingi, nitakuja bila ya malipo.

Wako,
Fundi pampu,
Wete, Pemba