Warushaji wapimwe kwa zaidi ya jumla ya wiketi

Mhariri,

Jedwali la warushaji walioangusha wiketi nyingi zaidi (yaani waliowaondoa wapigaji wengi zaidi) katika mechi za kimataifa za kriketi za siku moja linapochapishwa katika kurasa za michezo, karibu kila mara hupangwa kwa jumla ya wiketi na si zaidi ya hapo. Msomaji asiyeufuatilia mchezo huu kwa karibu huishia kuamini kwamba aliye nafasi ya tano amemzidi ubora aliye nafasi ya nane. Naomba desturi hiyo ibadilishwe, kwa kuwa inawanyima haki warushaji wengi, wakiwemo wa kwetu Kenya.

Kuhusu kileleni hakuna ubishi. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka aliangusha wiketi 534 katika mechi 350, na Wasim Akram wa Pakistan akaangusha 502 katika mechi 356. Hakuna mwingine aliyewahi kufikisha 500. Muralitharan alitoa wastani wa mbio 23.08 kwa kila wiketi na chini ya mbio nne kwa kila ova, yaani kila mipira sita, na kwa mrushaji mbio chache ndizo bora, hivyo hata ukilipanga upya jedwali kwa vipimo hivyo atabaki miongoni mwa walio bora kabisa.

Tatizo linaanza chini yao. Nafasi ya tano inashikwa na Shahid Afridi wa Pakistan, mwenye wiketi 395, na ya nane na Brett Lee wa Australia, mwenye 380. Afridi alizipata zake katika mechi 398, Lee katika mechi 221. Kila wiketi ya Afridi iliigharimu timu yake mbio zaidi ya 34, ilhali ya Lee iligharimu mbio 23 na ushei. Simdharau Afridi, ambaye pia alikuwa mpigaji wa kuogopwa, lakini jedwali linalomweka juu ya Lee bila maelezo yoyote linatuambia tu nani alicheza muda mrefu zaidi. Mrushaji haruhusiwi kupita ova 10 katika mechi moja, yaani mipira 60 halali, kwa hiyo asiyepata mechi nyingi hawezi kupanda jedwali hilo hata akiwa hodari namna gani. Joel Garner wa West Indies ana wiketi 146 tu, na jina lake liko mbali sana na kumi bora, ingawa alizipata katika mechi 98 kwa wastani wa mbio 18.84, akitoa mbio tatu na kidogo kwa ova. Wapigaji waliokutana naye hawangekubali kwamba kuna watu wengi hivyo waliomzidi.

Kuna pia suala la uzito wa wiketi yenyewe. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1992 mjini Melbourne, Uingereza ilikuwa ikizifukuza mbio 249 za Pakistan, na Allan Lamb alikuwa ametulia, mchezo ukianza kuielemea Pakistan. Akram akarudishwa kurusha. Mpira mmoja ulimwelekea Lamb kisha ukapinda kwenda nje dakika ya mwisho na kugonga kijiti. Uliofuata ukaingia ndani kwa Chris Lewis, ukagusa ukingo wa gongo lake na kuangukia vijiti. Pakistan ilishinda kwa mbio 22. Katika jedwali, hizo ni wiketi mbili kati ya 502, sawa na mbili zozote alizopata dhidi ya wapigaji wa mwisho, ambao huwa dhaifu, katika mechi iliyokwisha amuliwa. Kanuni nazo zimebadilika: tangu mwaka 2011 mipira miwili mipya ilianza kutumika, mmoja kwa kila ncha ya uwanja wa kurushia, na mpira mkuukuu ambao Akram na mwenzake wa Pakistan, Waqar Younis, waliupindisha kwa ustadi ukawa nadra kuonekana. Ni mwaka 2025 tu ndipo ilipoamuliwa kwamba ubaki mpira mmoja baada ya ova ya 34.

Hapa ndipo linaponigusa zaidi suala la Kenya. Tarehe 15 Machi 2003 mjini Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa amekwisha staafu na kuitwa tena akiwa na umri wa miaka 39, aliwarushia Australia, mabingwa ambao hakuna timu iliyowashinda katika Kombe la Dunia la mwaka ule. Alirusha ova 8 na mipira 2, ova 6 kati ya hizo bila kutoa hata mbio moja, akatoa jumla ya mbio 7 na kuwaondoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia ilishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim, ingawa siku hiyo hiyo Lee alikuwa ameangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Wiki tatu kabla yake, jijini Nairobi, Collins Obuya alikuwa ameangusha wiketi 5 kwa mbio 24 na Sri Lanka ikashindwa. Thomas Odoyo alivuka wiketi 100 akiwa na timu ambayo, hata baada ya kufika nusu fainali mwaka ule, ilipewa mechi chache mno na mataifa makubwa, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi hizi.

Ombi langu ni jepesi kutekelezwa. Kando ya jumla ya wiketi, tuchapishiwe idadi ya mechi, wastani wa mbio kwa wiketi na mbio kwa ova, takwimu ambazo tayari zipo na zinahitaji safu tatu tu za ziada. Na nafasi ikiruhusu, chini ya jedwali la dunia liwekwe la warushaji wa Kenya, Odoyo akiwa miongoni mwa wa kwanza kutajwa.

Msomaji wenu,
Mombasa