Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Wanafunzi wenye mvi nao wanatafuta kazi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Pokea salamu kutoka Morogoro. Mimi si mwalimu wala mtafiti. Nina duka la steshenari: natoa kopi, nachapa barua, naskani vyeti, na siku hizi kazi kubwa zaidi ni kuwasaidia watu kutuma maombi kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini. Wateja wangu wa jioni wengi ni watu wazima waliorudi shule. Wapo walioanza na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, unaomfungulia mtahiniwa wa kujitegemea njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, wakapanda taratibu hadi diploma. Wapo watumishi wanaosoma Chuo Kikuu Huria na akina mama wa madarasa ya jioni. Nakuandikia kwa ajili yao, kwa sababu naona wanapokelewa vizuri siku ya kulipa ada, halafu siku ya kutafuta kazi kila mtu anajua lake.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yana sharti linalofahamika: mwombaji awe raia mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale walioko kazini serikalini. Sina ugomvi na sharti hilo. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukitoa, unaangukia palepale kwenye 45. Kinachonikera ni kwamba kuna watu wanalisikia sharti hili kwa mara ya kwanza wakiwa wameshika shahada mkononi, mbele ya kompyuta yangu.

Alikuja baba mmoja, fundi umeme wa siku nyingi, na bahasha ya kaki imejaa vyeti. Alianza shahada ya usimamizi wa biashara akiwa na miaka 43, akamaliza akiwa na 46. Tukafungua tangazo, nikashuka hadi kwenye masharti ya jumla, nikamsomea. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza kama kuna mahali pa kuandika maelezo ya ziada. Nikamjibu hapana, akaanza kurudisha vyeti kwenye bahasha kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule aliokuja nao.

Chuo alichosoma kilikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa tangu alipojaza fomu ya udahili. Hakutokea mtu wa kumwita pembeni na kumwambia: mzee wangu, ukimaliza utakuwa umepita umri wa kuajiriwa upya serikalini, basi tutazame kampuni binafsi, tutazame ukandarasi, tujiulize kama shahada hii ndiyo itakayokulipa au ni kozi fupi na leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja la juu kuliko uliyonayo. Ni mazungumzo ya nusu saa. Huenda angeichagua shahada ileile, lakini angeichagua akijua anakoelekea.

Mambo ya namna hii ni mengi. Mwalimu wa msingi anasoma sheria kwa miaka kadhaa akiamini atatoka wakili, kumbe bado kuna Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo mbele yake, na ada yake. Anayesoma uhasibu anagundua mwishoni kwamba waajiri wanauliza mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na wa ugavi anaulizwa usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Kijana wa miaka 22 akigundua hayo kwa kuchelewa atanung'unika, kisha atajipanga upya. Mwenye watoto wawili sekondari hana nafasi hiyo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni wasifu wao, hizo CV ninazozichapa kila wiki. Mama mmoja aliniletea yake imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Elimu ilijaza ukurasa. Sehemu ya uzoefu ilikuwa na mstari mmoja tu: "2004 hadi 2019, shughuli binafsi." Anaomba kazi ya afisa mikopo kwenye SACCOS, chama cha kuweka na kukopa. Nikamuuliza shughuli binafsi gani. Akasema ya kawaida tu, mchele. Tukaendelea kuzungumza, na ikabainika kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akinunua mchele Ifakara kwa msimu, akikodi ghala, akiwakopesha wenye maduka ya mjini na kuwadai kila mwisho wa mwezi bila kwenda mahakamani hata mara moja. Juu ya hayo alikuwa mweka hazina wa kikundi chao cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, na daftari la marejesho lilikaa kwake. Nikamwambia, mama, hiyo ndiyo kazi ya afisa mikopo. Akacheka, akadhani namtania.

Tuliandika upya sehemu ile: kununua kwa msimu, kutunza ghala, kutathmini mkopaji, kufuatilia madeni, kutunza hesabu za kikundi. Tukahangaika na wadhamini watatu, maana aliyejiajiri maisha yake yote hana bosi wa kumtaja. Tukamweka mwenyekiti wa kikundi, mhadhiri wake, na mwenye duka mmoja ambaye mama alikuwa akimuuzia mchele kwa mkopo. Aliitwa kwenye usaili. Kazi akapewa mwingine, lakini aliitwa, na kabla ya hapo alikuwa hajawahi kuitwa popote.

Sasa Mheshimiwa, kazi ile haikupaswa kufanywa na mwenye steshenari kwa bei ya kuchapa kurasa mbili. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri wa wanafunzi. Kimoja ninachokifahamu huandaa siku ya ajira katikati ya wiki, saa nne asubuhi, wakati mwanafunzi wa jioni yuko kazini. Mada ni namna ya kuanza maisha ya kazi, na wanaozungumziwa ni watu ambao hawajawahi kuajiriwa. Mtu wa miaka 44 hahitaji kufundishwa kuwahi kazini. Anahitaji mtu wa kumsaidia kuyataja anayoyajua kwa lugha ambayo mwajiri ataielewa.

Nchi hii ilishawahi kulielewa jambo hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika mradi wa majaribio uliofanyika Mwanza vitabu vya kujifunzia kusoma vilizungumzia pamba na uvuvi, kwa sababu waliokuwa darasani ndizo kazi zao. Walianzia pale mtu alipo. Leo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: fundi anapimwa, anaonyeshwa mapungufu yake, anapewa cheti. Ni mpango mzuri sana, na mara nyingi mteja wangu anausikia kwangu baada ya kumaliza chuo, wakati cheti hicho kingekaa vizuri pembeni ya diploma yake.

Ninachoomba ni kwamba kila mwombaji aliyevuka miaka 35 aonane na mshauri kabla ya kulipa ada ya kwanza, na mshauri huyo awe na mambo matatu mezani: umri atakaokuwa nao akimaliza, bodi au leseni inayodaiwa na fani yake, na kazi alizokwishafanya. Ofisi hizo zifunguliwe jioni na Jumamosi. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nayo iangaliwe. Wengi wanaifanya palepale wanapofanya kazi ili wasipoteze mshahara, na chuo kinagonga muhuri, ilhali ndiyo nafasi pekee ya kuingia ofisi mpya na kufahamika. Mwenye mwajiri anaweza kutumia likizo yake ya mwaka kama ataambiwa mapema.

Na kwa wale ambao umri umeshapita, waelezwe njia nyingine waziwazi. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni zinapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Yule mama wa mchele angeweza kusajili kikundi akaomba kulisha shule. Hakuna somo lolote katika miaka yake ya chuo lililomtajia NeST. Najua huduma za ajira, pamoja na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, haziko chini ya wizara yako. Mkae pamoja.

Dirisha la udahili hufunguliwa Julai. Karatasi moja ya maswali inayoambatana na fomu inaweza kuwa tayari kabla ya hapo. Kama wataalamu wako watahitaji kuona CV za watu wazima zilivyo, ninao wateja ambao wako tayari kuzitoa, majina yakifutwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la steshenari,
Morogoro