Vyeti vyetu vinabaki steshenari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie taarifa binafsi ambazo sisi wakazi wa Mbeya tusio na kompyuta nyumbani tunaziacha steshenari.

Msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ya elimu ya juu unapofika, steshenari za Mwanjelwa, Kabwe na Uyole hujaa vijana na wazazi wao, wengine wakiwa wametoka Chunya na Rungwe kwa kazi hiyo tu. Mwaka jana nilimsindikiza binti yangu. Kijana wa dukani alimfungulia barua pepe kwa namba ya simu ya duka, akamchagulia neno la siri na kuliandika katika daftari lililokuwa wazi mezani, ambamo nilisoma majina ya wateja wengine na maneno yao ya siri. Kwenye kompyuta niliona vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya NIDA vya watu nisiowajua. Miezi michache baadaye kijana yule alikuwa ameacha kazi, namba ya duka imebadilishwa, na binti yangu hakuweza tena kuingia katika barua pepe iliyokuwa ikipokea majibu ya maombi yake.

Sidhani kijana yule alikuwa na nia mbaya. Hata hivyo, namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mwenye nakala ya kitambulisho anaujua pia mwaka ambao wengi wetu, kwa kuogopa kusahau, tumeufanya namba ya siri ya pesa za kwenye simu. Akijua na chuo kilichoombwa, anaweza kumpigia mzazi na kujifanya ofisa wa mikopo. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeuzoea, kwa kuwa hutumwa kwa yeyote. Lakini anayekutajia majina matatu ya mwanao na shule aliyomaliza, ni wangapi watamshtukia?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo alilozikusanyia. Naiomba Tume inayoisimamia, ikishirikiana na halmashauri zinazotoa leseni za biashara, iwafikie wenye steshenari hapa hapa madukani na kuwaelekeza wafute nakala za mteja kabla hajaondoka, na daftari la maneno ya siri liondolewe kabisa.

Nasi wazazi tusimamie barua pepe ifunguliwe kwa namba ya mwombaji mwenyewe, na neno la siri aliandike yeye, hata kama anachapa polepole na walio kwenye foleni wananung'unika. Aliyefungua WhatsApp kwenye kompyuta ya duka aangalie katika simu yake vifaa vilivyounganishwa na kukiondoa asichokitambua. Aidha, kila mwenye laini apige *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba ya tapeli airipoti kupitia 15040.

Binti yangu amefungua barua pepe nyingine. Ile ya kwanza bado ipo, na nakala za vyeti vyake sijui leo zimo katika kompyuta ya nani.

Mzazi,
Uyole, Mbeya