Kabla ya kutikisa kopo la rangi: barua kwa vijana wa grafiti wa Nairobi

Wanangu,

Mimi ni fundi wa mabango, wa enzi za kuandika majina ya maduka kwa brashi na rangi ya mafuta. Mikono yenu naiheshimu. Lakini wengi wenu mmekwama kwenye kuandika majina yenu, ukuta baada ya ukuta, na anayeamka kukuta mlango wake umechafuliwa ni mama wa kibanda asiyeweza hata kuzisoma herufi zenyewe. Hilo linaniuma.

Watazameni waliowatangulia. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mchoraji Solo 7 alizunguka mtaa wa Kibera akiandika maneno ya amani kwenye kuta na barabarani. Mwaka 2012 Swift9, Bankslave na wenzao walichora usiku, katikati ya jiji, mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, na nchi ikaongea. Ilikuwa kazi ya ujasiri. Mwanzoni mwa 2013, uchaguzi mwingine ukikaribia, baadhi yao wakachora ujumbe wa amani kwenye treni inayopita Kibera, kwa ruhusa ya kampuni ya reli. Reli hiyohiyo wakazi waliing'oa wakati wa zile ghasia! Mikono ni ileile, ila safari hii kazi ilirudi kwa watu walioumia.

Basi kabla ya kutikisa kopo, ketini na watu wa ukuta ule. Mwenye nyumba mwombeni ruhusa, lakini muulizeni pia muuza sukumawiki anayeshinda chini yake kutwa, na watoto wanaoupita wakienda shule. Wakitaka sura ya mkunga wa mtaa badala ya joka ulilolipanga, mchore mkunga, na umchore kwa bidii ileile. Mkiweza, wapeni vijana wa hapo brashi wajaze rangi za chini. Mchoro walioushika kwa mikono yao wataulinda.

Msipake juu ya uchafu. Ukuta wa chokaa hubambuka, kwa hiyo ukwangueni, mpige msasa, mpake andakoti, ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine. Mabati yatoeni kutu kwa brashi ya waya. Na vaeni barakoa yenye kichujio. Nimewaona mafundi wa rika langu wakikohoa uzeeni, wala si jambo la kuzoea.

Msimu wa kampeni mtaletewa pesa mfute mchoro wa mtaa mpake sura ya mgombea. Kazi ya bango ni kazi, imesomesha wanangu, siwakatazi. Ichukueni kwenye ukuta mwingine. Huu wa mtaa si wenu kuuza.

Aliyepata ukuta na anaona haya kuwakabili wazee wa mtaa, aniite. Nitakwenda naye, tuketi nao pamoja.

Mzee wenu, fundi wa mabango